Mikono Mitupu ya Delphia

Wifi yangu Delphia Ratliff alipika chakula cha shule ya bonde letu mpaka nywele zake zikawa nyeupe, na hata leo akikutana na mtu mzima barabarani, kwanza humwuliza amekula nini. Ukiugua, utamwona mlangoni na supu. Ukijifungua, supu. Binti yako akiachika, supu na keki juu yake. Mimi humtania kwamba siku ya hukumu atafika mbele ya Mungu na sufuria mkononi, amwulize kama ameshakula. Hucheka, lakini hakatai.

Kwa hiyo aliponiambia anataka kusomea ukasisi wa jamii, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Wewe? Kasisi?"

"Si wa madhabahuni, Verdie. Wa jamii. Kaunti inatafuta watu wa kufuatana na askari wanapokwenda kumwambia mtu kwamba mtu wake amekufa. Wanafundisha pale kituo cha zimamoto kila Jumamosi. Ukihitimu unapewa cheti, na bila cheti askari hawakuchukui."

"Na ukifika huko utafanya nini?"

"Nitasema, halafu nitakaa naye."

"Utakaa! Tangu kaka yangu akuoe sijakuona umekaa. Hata kanisani unainuka katikati ya mahubiri kwenda kutazama mkate kwenye oveni."

Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya, na mimi nikaacha kucheka kwa sababu nilijua lilipotoka wazo hilo.

Karibu kila nyumba hapa Lick Fork ina ile redio ya kusikilizia zimamoto na ambulensi. Tunaiweka jikoni, juu ya friji, na inakoroma kutwa nzima. Ikitangaza ajali, tunajua ni barabara gani, na tukijua barabara tunajua ni nani. Basi mtu huwasha oveni. Hatupigi simu, kumpigia mtu simu siku kama hiyo ni kukosa adabu. Tunakwenda wenyewe, na chakula kimefunikwa foili. Ni desturi nzuri, na mimi nitamsuta yeyote atakayesema vinginevyo, ila siku ile paa la mgodi lilipomwangukia kaka yangu Estill, mume wa Delphia, jirani yetu Opal alifika kwa Delphia na pai ya tofaa kabla mtu wa kampuni hajafika.

Opal hakuwa na nia mbaya. Alidhani Delphia ameshaambiwa. Delphia akafungua mlango, akaiona pai bado inatoa mvuke, akauona uso wa Opal, akajua. Aliipokea. Akasema asante. Akaiweka mezani vizuri, ndipo akaanguka. Yule mtu wa kampuni alikuja baadaye, akasimama kwenye ngazi na kofia yake ya mgodini kichwani, akasema maneno yake, akaondoka bila kuketi.

"Sitaki mwanamke mwingine wa bonde hili aambiwe na pai," Delphia aliniambia siku ile ya viazi. Estill alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Darasani nilikuwa nampeleka mimi, kwa kuwa gari lake linawaka likipenda. Nikakaa nyuma ya darasa na kazi yangu ya kufuma, nikasikiliza kila kitu, na wakipata mtu wa kunitahini nadhani nami nitafaulu. Mwalimu alikuwa Lowell Amburgey. Alifanya kazi ya ukasisi hospitalini mjini miaka mingi, akastaafu, akarudi kwao. Ni mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, mpaka wanafunzi wanajikuta wamesogeza viti mbele. Siku ya kwanza Delphia aliingia na sufuria kubwa ya kuku wa mchuzi na madonge ya unga, akataka kuwagawia watu wote.

"Dada Delphia," Lowell akasema, "hiki chakula kinanukia vizuri, na tutakila saa sita. Lakini nianze nacho hichohicho. Mkienda kwenye nyumba ya watu na habari hiyo, mnakwenda mikono mitupu."

Darasa likaguna. Bwana mmoja wa zimamoto akasema, "Mwalimu, huku kwetu mtu haingii nyumba ya msiba mikono mitupu. Ni matusi."

"Najua. Nimezaliwa hapo juu, nyuma ya kanisa. Majirani waje na vyakula vyao, waje na nyama nzima, ni haki yao. Wewe hapana. Ukishika sufuria, umeshika kitu cha kukutoa chumbani. Utauliza uiweke wapi. Utatafuta sahani. Utaosha vyombo. Jikoni mtajaa, na mwenye msiba atabaki peke yake kwenye kochi."

Nilimtazama Delphia shingoni kutoka kule nyuma. Ilikuwa imekuwa nyekundu.

Mengine aliyofundisha hayakuwa magumu kuelewa. Mnakwenda wawili. Mnaomba kuingia, mnaketi, na mnahakikisha mwenyewe ameketi. Unataja jina la mtu wake na unasema amekufa, hivyohivyo, si ametutoka, si amepumzika, si ameitwa na Bwana. Huanzi sala mpaka uombwe. Humshiki bila ruhusa. Humwambii unajua anavyojisikia hata kama unajua. Baada ya hapo unanyamaza na kubaki naye mpaka mtu wake wa karibu afike.

Kisha wakaanza kujaribu wao kwa wao. Lowell alikaa kwenye kiti akijifanya mume, na Delphia ndiye aliyemletea habari ya mke. Aliingia vizuri. Aliketi vizuri. Akasema, "Bwana Amburgey, nimekuja kwa habari ya mkeo." Akameza mate. "Kumetokea ajali. Mkeo... hali yake... Umeshakunywa kahawa?" Bila kusubiri jibu akainuka, akaenda kwenye jiko dogo la zimamoto pale nyuma, tukasikia anafungua makabati.

Darasa lilicheka, na mimi pia. Lowell hakucheka. Alimngoja arudi na kikombe.

"Umeniacha," akamwambia.

"Nimekwenda kukutengenezea kahawa."

"Nilikuwa karibu kujua kwamba mke wangu amekufa, ukaniacha hapa peke yangu."

Jumamosi iliyofuata alijaribu tena, akalisema neno lenyewe, lakini alilisema akiwa ameshasimama, na mpaka Lowell ainue uso yeye alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe safi. Jumamosi nyingine akaleta keki, akadai ameisahau mkononi. Wenzake wakawa wanafaulu mmoja mmoja. Kila mtu alitakiwa mwishowe kwenda na askari kwenye nyumba halisi, Lowell akiwepo, na Lowell asipoweka sahihi hakuna cheti.

Alimwita pembeni siku moja wakati mimi nakunja nyuzi zangu. "Dada Delphia, hakuna mtu darasani mwenye moyo kukuzidi. Lakini nitakupeleka safari moja tu. Ukikimbilia jikoni siku hiyo, sitasaini, na usinitumie keki kunilainisha."

"Ungependa keki ya aina gani nisiyokutumia?" akamwuliza. Lowell akacheka kwa mara ya kwanza. Ndani ya gari, hata hivyo, Delphia hakucheka. Alikaa na mikono juu ya mapaja, anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Inanisaliti, Verdie. Ulimi unataka, mikono inakataa."

"Basi tuifungie kwenye mfuko."

"Usinitanie. Nisipopata hiki cheti, nani atakwenda? Wataendelea kuambiwa na pai."

Nikamwambia aje kwangu tufanye mazoezi. Tukakaa sebuleni, mimi kwenye kochi nikijifanya mjane, na nikajifanya vizuri sana, nikapiga kwikwi na leso juu. Akaniambia nikiendelea na mchezo ataondoka. Nikatulia. Akavuta pumzi.

"Verdie, nina habari mbaya sana. Estill amekufa."

Alikusudia kutaja jina lolote. Najua, kwa sababu alishtuka pale kwenye kiti akaziba mdomo. Lakini hakuinuka. Mimi nikakaa na jina la ndugu yangu, na nikagundua kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nilisikia kwenye redio. Nilimwona Opal anapita na pai. Kilio changu cha uongo kilikuwa kimeisha na cha kweli kikanijia, na nikalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya televisheni iliyozimwa. Delphia aliniuliza kama anaweza kunishika mkono. Nikamwambia asiulize maswali ya kipumbavu.

Tulikaa hivyo mchana mzima. Mkate wangu uliungua ndani ya oveni na hakuna aliyekwenda kuutoa.

Asubuhi moja ya Oktoba, jua zuri, madirisha wazi, redio ikasema mtu ameangukiwa na mti kwenye msitu wa juu ya Lick Fork. Baada ya muda ikaiambia ambulensi isiharakishe. Kila mtu bondeni anajua maana ya hilo. Na msitu ule ulikuwa unakatwa na Hobert Slone na wenzake, ambao niliwasikia wote kwenye redio wakiielekeza ambulensi, ila Hobert sikumsikia.

Mkewe, Oma, hana redio. Hobert aliitupa zamani, akasema inawatia watu wazimu. Kwa hiyo nilijua kwamba bonde zima linajua isipokuwa Oma. Nikajua pia kwamba zamu ilikuwa ya Delphia, ile safari yake moja ya kupimwa, na nikasubiri. Nilikuwa na paja la nguruwe la Jumapili kwenye oveni. Nilisubiri mpaka nikaona hata kama askari angekuja kwa miguu angekuwa ameshafika, kisha nikalifunga foili, nikaenda. Sikuwa nimefikiria treni ya makaa ya mawe. Ilikuwa imesimama kwenye kivuko cha reli, na gari la askari lilikuwa limekwama upande wa pili nayo muda wote huo.

Nikaingia uani kwa Slone, na gari la askari likaingia nyuma yangu hapohapo. Nilishakuwa nimeshuka, na paja mikononi. Delphia alishuka, akaniona. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Wifi, rudi ndani ya gari. Weka hiyo nyama chini. Na wewe jiinamishe."

"Delphia, mimi nilidhani—"

"Jiinamishe, Verdie!"

Nikajiinamisha. Na umbo hili langu, nikajikunja chini ya usukani, paja la moto linanichoma mguu, naomba Mungu Oma asichungulie. Hakuchungulia, alikuwa jikoni, amelipa dirisha mgongo. Nikasikia mlango unagongwa. Nikamsikia Dalton, askari, anaomba waingie. Lowell, aliyekuja nao, hakuingia. Alishuka mpaka barabarani, kwa sababu magari mengine yalikuwa yanakuja, nayo yana foili. Akayasimamisha moja moja kwa kuinua kiganja. Nilipopata ujasiri wa kuinua kichwa, yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, injini zimezimwa, na watu wamekaa kimya na mabakuli mapajani.

Dirisha la jiko lilikuwa mbele yangu, wazi. Kwao hakuna sebule ya maana. Wageni wanaketishwa meza ya jikoni. Mahali penyewe alipokatazwa kukimbilia ndipo hapohapo alipoketishwa, na jiko linawaka, na sufuria ya maharage inachemka juu yake.

"Kuna nini?" Oma alikuwa anauliza. "Dalton, kuna nini? Delphia, mbona umekuja na askari?"

"Keti, Oma. Tuketi wote."

Wakaketi. Lowell akaja akasimama kando ya mlango wa gari langu, kofia mkononi.

"Oma," Delphia akasema, "nimekuja na habari mbaya sana. Hobert amekufa. Mti umemwangukia leo asubuhi kule msituni. Wenzake walikuwa naye. Amekufa palepale."

Oma hakupiga kelele. Alimtazama Delphia, akamtazama Dalton, akatazama saa ya ukutani. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikatamani kupiga honi. Maharage yakaanza kufurika, povu likashuka kwenye moto, na harufu ya kuungua ikatufikia hata sisi nje. Nikaona mikono ya Delphia juu ya meza. Vidole vilijikunja, vikanyooka. Bega moja likainuka. Maisha yake yote mwanamke yule hajawahi kuacha sufuria iungue mbele yake.

"Usiinuke," nikanong'ona. "Usiinuke, wifi."

Hakuinuka. Aliibandika mikono mezani, akabaki anamtazama Oma.

Aliyeinuka ni Oma mwenyewe. Akapunguza moto. Akachukua sahani, akapakua maharage, akakata kipande cha mkate wa mahindi, akakatakata kitunguu kibichi pembeni, taratibu, kama anavyofanya kila siku. Akaiweka ile sahani mbele ya Delphia, pamoja na kijiko.

"Kula."

"Oma, mimi siwezi—"

"Saa hizi huwa anakuja kula. Nimeshapika. Kula, Delphia."

Delphia akaangalia mikono yake kidogo. Kisha akashika kijiko.

Lowell alikohoa pembeni yangu. "Mafunzo yanasema tusile," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

"Basi usisaini," nikamwambia, na machozi yananitiririka mpaka kwenye foili.

"Nani kasema sisaini?"

Oma alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, viwiko mezani, anamtazama Delphia anavyotafuna, kijiko baada ya kijiko. Delphia hakuharakisha wala hakuacha. Alikula chakula cha Hobert, pamoja na kitunguu, mpaka karibu na mwisho wa sahani.

"Chumvi imetosha?" Oma akauliza.

"Imetosha, Oma."

"Kila siku huniambia haijatosha," Oma akasema, na ndipo akalaza uso mezani akalia.